Kwa Nini Msiri Alianguka Bunkeya, na Kwa Nini Jambo Hili Linatuhusu



Naanza na kilio, maana kwetu mambo mengi yanaanzia kwenye kilio. Tulikuwa Katuba, tumekaa chini ya hema, tunangoja bukari. Mazungumzo yalitoka kwenye bei ya unga yakafika kwenye historia, kama ilivyo kawaida ya wazee. Mzee mmoja wa upande wa babu yangu, Muyeke wa Bunkeya, akasema kwa sauti kwamba Katanga ilijulikana duniani kwa sababu ya Msiri. Mzee wa upande wa bibi yangu, Musanga, akaweka kikombe chini.

"Ninyi mulikuyaka tu hapa," akasema. "Wenye inchi ni sisi."

Yule wa kwanza akajibu: "Kama si Msiri, mungekuwa munalipa Baluba ushuru mpaka leo."

Mimi nilikaa kimya. Damu yangu ni ya pande zote mbili, na mtu wa namna hiyo akifungua mdomo anapigwa kutoka kushoto na kulia. Ndipo kambo, bibi yangu, ambaye tulidhani amesinzia, akasema neno moja tu: "Kambo yangu alinielezeaka. Siku Msiri alikufaka, kwetu hakuna mutu alilia. Kiisha, njo tulilia mingi."

Watu wote wakanyamaza. Bukari ikafika, tukala.

Neno la kambo lilinifuata mpaka nyumbani. Kwenye iniversite nilisoma sayansi za siasa, nikawasoma Machiavelli, Ibn Khaldun na Rousseau jinsi wengi wetu tulivyowasoma, yaani ili tupite mtihani. Usiku ule nilifungua tena daftari zangu nikiwa na swali moja: kama hao wazee wa vitabu wangekuwa wamekaa nasi pale Katuba, wangemhukumu Msiri namna gani? Kwa nini mtu aliyeshinda nchi nzima kwa bunduki aliipoteza kwa wiki moja? Na kwa nini walioshangilia kuanguka kwake walikuja kulia baadaye?

1. Mtu aliyekuja kwa biashara

Tuanze na yale yanayojulikana. Msiri hakuzaliwa Katanga. Alizaliwa Usumbwa, upande wa Unyamwezi, katika nchi tunayoiita leo Tanzania. Jina lake la mwanzo lilikuwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyesafiri mpaka Katanga kununua shaba, na mtoto akaifuata njia ya baba. Katikati ya miaka ya 1850 akaja na kundi dogo la watu wenye bunduki, wawindaji wa tembo na wachuuzi, akakaa.

Hapa masimulizi yanagawanyika, na ndiyo maana wazee wangu walikuwa karibu kupigana. Bayeke wanasema Msiri aliwasaidia wakubwa wa Basanga dhidi ya wavamizi wa Kiluba, na Mpande, mkubwa mzee wa Basanga, akamwachia mamlaka kwa shukrani. Basanga wanasema mgeni alipewa mahali pa kulala, asubuhi wakamkuta amekaa kwenye kiti cha baba mwenye nyumba. Sina njia ya kuwapatanisha. Ninachokiona ni kwamba masimulizi yote mawili yanakubaliana juu ya jambo moja: aliingia kwa mlango uliofunguliwa na wenyeji. Tuliweke jambo hilo akilini, tutalirudia.

Kufika mnamo 1880 mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya, ambao leo uko katika jimbo la Lualaba. Ufalme wake, Garenganze, ulienea kati ya Luapula upande wa mashariki na Lualaba upande wa magharibi. Shaba, chumvi, pembe za tembo na, tusifiche, watumwa, walitoka Bunkeya kwenda kwenye bahari mbili: magharibi mpaka Benguela kwa mikono ya wachuuzi wa Ovimbundu, mashariki mpaka Tabora na pwani kwa mikono ya Waswahili. Bunduki na baruti zilirudi kwa njia hizohizo. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alipofika Februari 1886, hakukuta kijiji cha porini. Alikuta mji mkuu wa biashara.

Na tuwe wa haki: Bayeke hawakuleta bunduki peke yake. Walikuwa mafundi wa kuvuta nyaya za shaba, na masimulizi yao yanawapa sifa ya kuleta ufundi wa kuchanja watu dhidi ya ndui. Mshindi akileta faida, watu wanaiona. Swali ni kama faida hiyo inatosha.

2. Alichofanya vizuri

Machiavelli aliandika kitabu chake cha Mfalme mnamo 1513, baada ya kufukuzwa kazi na kuteswa gerezani. Sura yake ya tatu inaongea kuhusu mtu anayeongeza nchi mpya juu ya ile aliyonayo. Ushauri wake, kwa maneno yangu: nenda ukaishi hukohuko ulikoshinda, wakumbatie wadogo bila kuwakuza, wapunguze wenye nguvu, na usimruhusu mgeni mwenye nguvu sawa na wewe aingie mlangoni.

Mpime Msiri kwa kipimo hicho. Alikaa hapahapa, hakutawala akiwa Usumbwa. Mwenye nguvu kuliko wote katika eneo hili alikuwa Kazembe wa Balunda, na Msiri alimnyang'anya ng'ambo yote ya magharibi ya Luapula. Wakubwa wadogo aliwaacha kwenye viti vyao ili mradi walete ushuru. Zaidi ya hapo alioa. Wake zake walihesabiwa kwa mamia, na ndoa nyingi zilikuwa mikataba ya siasa. Binti wa mkubwa fulani akiwa Bunkeya ni rehani, na mke aliyetumwa kukaa kwenye vijiji ni macho na masikio ya mfalme. Hata mlango wa magharibi aliufunga kwa ndoa: Maria de Fonseca, mwanamke mwenye damu ya Kireno, alikuwa miongoni mwa wake zake.

Kwa hiyo profesa yeyote wa Florence angempa Msiri alama nzuri kwenye karatasi ya kwanza. Tatizo ni karatasi ya pili.

3. Kasoro tatu

Ya kwanza iko kwenye sura ya nne ya kitabu kilekile. Machiavelli anasema kuna falme za aina mbili. Kuna ufalme ambamo bwana ni mmoja na wengine wote ni watumishi wake: huo ni mgumu kuuingia, lakini ukishauingia ni rahisi kuushika. Na kuna ufalme ambamo mfalme anatawala pamoja na wakubwa wenye damu yao, watu wao na kumbukumbu yao. Huo ni rahisi kuuingia, kwa sababu hutakosa mkubwa mmoja mwenye kinyongo wa kukufungulia mlango.

Garenganze ilikuwa ya aina ya pili. Kuwaacha wakubwa wa Basanga na Balamba kwenye viti vyao kulimpunguzia Msiri gharama, lakini kulimaanisha kwamba kila kijiji kilikuwa na mtu aliyekumbuka zamani, na aliyejua kwamba watu wake wangemfuata siku akisema "twende". Msiri mwenyewe aliingia kwa mlango wa namna hiyo. Akausahau, hakuuziba.

Kasoro ya pili ni ukatili unaoongezeka. Machiavelli, ambaye watu wanadhani alipenda ukatili, anatenganisha ukatili wa aina mbili: ule unaofanywa mara moja mwanzoni kisha unaachwa, na ule unaoanza kidogo halafu unakua kila mwaka. Huu wa pili, anasema, unamwangusha mwenyewe. Anaongeza kwamba mtawala anaweza kuogopwa bila kuchukiwa, ili mradi asiguse mali za watu wala wanawake wao.

Wamisionari wa Bunkeya, na baadaye daktari Joseph Moloney, waliandika kuhusu mafuvu ya watu yaliyotundikwa kwenye miti ya mji. Najua mtasema: hao ni Wazungu, walikuwa na faida ya kumchora Msiri kama shetani ili wapate sababu ya kuchukua nchi yake. Ni kweli kabisa, na mwanafunzi wa historia asiyeuliza swali hilo arudishiwe pesa zake za masomo. Lakini upande wa pili wako Basanga, ambao hawakuwa wakiandika kwa ajili ya gazeti la London. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke wao mmoja, Masengo, aliyeuawa, na kifo chake kinatajwa kama cheche iliyowasha moto. Mashahidi wawili wenye nia tofauti wakisema jambo linalofanana, inabidi hakimu asikilize.

Aristotle naye, miaka zaidi ya 2000 kabla yetu, aliandika kwamba tawala za mabavu zinaangushwa na vitu viwili, chuki na dharau. Chuki inakaa muda mrefu bila kufanya kitu, kwa sababu watu wanaogopa. Siku dharau inapojiunga nayo, woga unakwisha. Kufika 1891 Msiri alikuwa mzee, na watu walikuwa wameanza kuhesabu siku zake.

Kasoro ya tatu ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote, na hapo namwita Ibn Khaldun. Mwaka 1377, akiwa amejificha kwenye ngome huko Algeria, aliandika kwamba kinacholeta ushindi ni asabiya, yaani ule mshikamano wa watu waliozoea shida pamoja, mtu akijua kwamba ndugu yake hatamwacha porini. Kundi la namna hiyo linawashinda watu wengi zaidi yao. Halafu linaingia mjini, linaonja raha, na mkubwa wao anaanza kuwaogopa wenzake wa zamani. Anaacha kuwategemea ndugu, anategemea vitu vya kununua. Ibn Khaldun alihesabu kwamba kwa kawaida mambo hayo yanachukua vizazi vitatu, yaani miaka kama 120.

Msiri hakumaliza hata kizazi kimoja. Kutoka alipokuja mpaka alipokufa ni miaka kama 35. Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu nguvu yake ilikuwa ya kununua tangu mwanzo. Ushuru ulikuwa pembe, pembe zilikuwa baruti, na baruti ilikuwa ushuru mwingine. Gurudumu hilo lilizunguka vizuri ili mradi njia ziko wazi. Basanga walipoasi hawakuhitaji kuishinda Bunkeya vitani. Walikata njia, wakavizia misafara, wakafanya kwenda shambani kuwe hatari. Baruti ikapungua. Kisha njaa ikaingia mjini. Bunduki zilikuwa nyingi Bunkeya, lakini bunduki bila baruti ni fimbo nzito.

4. Lakini si Wazungu ndio walimshinda?

Nasikia tayari mtu anapiga meza. "Wacha vitabu! Msiri aliangushwa na Wazungu." Sawa, tufuate tarehe.

Novemba 1890 Alfred Sharpe alifika kutafuta sahihi kwa ajili ya kampuni ya Waingereza ya Cecil Rhodes. Msiri akakataa. Aprili 1891 akafika Paul Le Marinel kwa ajili ya Leopold II. Akaacha kituo kidogo kule Lofoi. Oktoba 1891 akafika Alexandre Delcommune. Msiri akakataa bendera. Tarehe 14 Desemba 1891 ukafika msafara wa nne, wa William Stairs, mwanajeshi mzaliwa wa Kanada aliyeajiriwa na upande wa Leopold. Tarehe 20 Desemba, siku sita tu baadaye, Mbelgiji Omer Bodson alikwenda na askari kumchukua Msiri kijijini Munema, karibu na Bunkeya. Maneno yakawa makali, Bodson akampiga Msiri risasi, na Bodson mwenyewe akapigwa risasi akafa siku ileile. Mfalme amekufa, ufalme umekwisha.

Wazungu katika msafara huo walikuwa watano. Wengine wote, mia tatu na kitu, walikuwa wapagazi na askari, wengi wao kutoka Unguja na pwani. Kiswahili hiki ninachokuandikia kilikuwa lugha ya kambi iliyomwangusha Msiri. Silaha zao zilikuwa bora kuliko magobore ya Bunkeya, hilo silikatai. Lakini je, silaha bora zinatosha kueleza siku sita?

Tazama mwaka huohuo wa 1891, upande wa pili wa ziwa Tanganyika. Tarehe 17 Agosti, pale Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliufyeka msafara wa Wajerumani wa Emil von Zelewski, uliokuwa na bunduki za kisasa na hata mizinga. Wajerumani walihitaji miaka mitatu ili kuibomoa ngome ya Kalenga, mnamo Oktoba 1894, na miaka mingine karibu minne mpaka Mkwawa alipojiua tarehe 19 Julai 1898. Uhehe nayo ilijengwa kwa vita. Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliunganisha koo nyingi kwa mkuki. Lakini walioshindwa na Munyigumba waligeuka Wahehe, na walipopigania Kalenga walipigania kwao. Basanga hawakugeuka Bayeke. Walibaki kuwa Basanga wanaolipa.

Mfano mwingine uko kwao Msiri kwenyewe, Unyamwezi. Mirambo na Nyungu ya Mawe, washindi wawili wakubwa, walikufa mwaka mmoja, 1884. Nguvu ya Mirambo ilikuwa Mirambo mwenyewe, na baada yake ufalme uliporomoka upesi. Nyungu ya Mawe aliweka watu wake, watwale, wa kusimamia maeneo, na utawala wake uliendelea kwa mrithi kwa miaka zaidi ya kumi. Mshindi anayejenga ofisi anaishi kuliko mshindi anayejenga jina.

Kwa hiyo jibu langu kwa aliyepiga meza ni hili: risasi ya Bodson ilimuua Msiri, lakini ufalme ulikuwa umekwisha kuachwa. Asubuhi ile hakuna Basanga aliyekuja kumtetea. Kambo alisema kweli.

5. Kiisha, njo tulilia mingi

Sasa nusu ya pili ya neno la kambo. Stairs alimtambua Mukanda-Bantu, mtoto wa Msiri, lakini akampunguzia nchi mpaka ikawa kipande kidogo. Wakubwa wa Basanga na Balamba walirudishiwa vyeo vyao, chini ya bendera ya bwana mpya. Furaha iwe kubwa namna gani! Lakini kabla karne ile haijaisha, Mulowanyama, mkubwa wa Basanga, alikuwa anapigana na dola hiyohiyo, akazingirwa na watu wake kwenye pango la Tshamakele, wakafia humo. Na Bayeke wa Mukanda-Bantu walikuwa wakiisaidia dola hiyo. Waliokuwa juu na waliokuwa chini walibadilishana viti, lakini mwenye meza alikuwa mwingine.

Machiavelli angetikisa kichwa. Aliandika kwamba watu wanabadili bwana kwa furaha wakiamini watapata nafuu, kisha wanagundua wamedanganyika. Na anayefungua mlango kwa ajili ya chuki dhidi ya bwana wa jana hachagui bwana wa kesho.

Bwana mpya naye alikuwa mshindi, kwa hiyo apimwe kwa mizani ileile. Dola Huru ya Leopold ilidumu kutoka 1885 mpaka 1908, miaka 23. Ilianguka kwa aibu ya ukatili wake wenyewe, mpaka Leopold akalazimika kuiacha mikononi mwa Ubelgiji. Kongo ya Wabelgiji ilidumu miaka 52. Kwetu ilikuja na Kamati Maalum ya Katanga mnamo 1900, Union Minière mnamo 1906, kisha reli na mji wa Élisabethville mnamo 1910, mji ambao leo tunauita Lubumbashi. Ilijenga ofisi, hakuna ubishi. Nyungu ya Mawe angesifu.

Lakini Rousseau, mnamo 1762, aliandika jambo ambalo Wabelgiji hawakulijibu hata siku moja: hata mwenye nguvu kuliko wote hawezi kubaki bwana siku zote, asipogeuza nguvu yake kuwa haki na utii wa watu kuwa wajibu wao. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa mjini. Askari wakafyatua risasi, makumi ya watu wakafa. Ile siku dola ilionyesha kwamba baada ya miaka 50 bado iliongea lugha ya Bodson.

Na sisi wahitimu tutazame hesabu inayotuhusu. Iniversite ya Élisabethville, mama wa UNILU, ilifunguliwa mnamo 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Tarehe 30 Juni 1960 Wakongomani waliokuwa na diploma ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Mshindi ambaye kwa nusu karne anakataa kumfundisha anayemtawala amesema wazi kwamba hakusudii kuwa naye kitu kimoja. Siku tano baadaye jeshi likaasi. Jenerali Janssens alikuwa amewaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Hakuna Mkongomani aliyemlilia Janssens.

Halafu tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikajitangaza nchi. Waziri wake wa mambo ya ndani alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri. Historia ina utani wake. Baluba wa kaskazini walikataa kutawaliwa kutoka Élisabethville, kama Basanga walivyoikataa Bunkeya, na serikali ya Tshombe ikawategemea askari wa kulipwa kutoka nje. Sura za kumi na mbili na kumi na tatu za Machiavelli zinaonya kuhusu silaha za kukodi na silaha za kuazima. Januari 1963 kila kitu kikaisha. Miaka miwili na nusu.

6. Kitu kilichobaki

Hapa ndipo nilipopata mshangao wangu. Utawala wa Msiri ulianguka, lakini Bayeke hawakuondoka. Mwami bado yuko Bunkeya, na Munongo mwenyewe alikalia kiti hicho baadaye. Ibn Khaldun aliandika kwamba aliyeshindwa anamwiga mshindi, kwa mavazi na kwa desturi. Nenda Bunkeya leo uwasikilize watu: Bayeke wanaongea Kisanga. Kiyeke kimebaki kwenye nyimbo na sherehe. Washindi walioa, wakazaa, na watoto wakachukua lugha ya mama. Walipopoteza enzi, ndipo walipopata kwao.

Kwa hiyo wazee wangu wa Katuba wote wawili walikuwa na haki na wote wawili walikosea. Ni kweli Bayeke walikuja. Lakini sentensi ile, "wenye inchi ni sisi", tumeisikia mahali pengine. Mnamo 1992 na 1993 ilisemwa kwa watu wa Kasai waliozaliwa Likasi na Kolwezi, ambao babu zao waliletwa kuchimba shaba, na familia nyingi mno zikafukuzwa na kurundikana kwenye stesheni. Sentensi hiyo haiulizi mtu ametenda nini. Inauliza tu babu yake alitoka wapi. Ukiianza na Mkasai, utaifikisha kwa Muyeke, na siku moja itaingia ndani ya nyumba yangu na kunigawa vipande viwili.

Ninaandika haya wakati Goma, tangu Januari 2025, na Bukavu, tangu Februari mwaka huohuo, ziko chini ya watu walioingia kwa bunduki. Mimi si nabii, na vitabu vya zamani havitabiri tarehe. Vinatupa maswali tu, nami nimechagua matatu. Baruti yake inatoka wapi, na njia ikikatwa atabaki na nini? Aliowashinda wamegeuka wenzake, au wamebaki watu wa kulipa? Na je, ukatili wake wa mwaka huu ni mdogo kuliko wa mwaka jana, au ni mkubwa zaidi? Maswali hayo yanamfaa mshindi wa porini. Yanamfaa pia mkubwa wa Kinshasa, gavana, na hata rais wa chama cha wanafunzi aliyeshinda uchaguzi kwa fujo.

Juzi nilimsomea kambo makala hii, nikiitafsiri kwa Kiswahili cha nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho, Machiavelli na wenzake wote. Halafu akaniuliza: "Sasa weye, bwana yangu, siku utapata cheo, ni nani atalia wakikutosha?"

Sikuwa na jibu la haraka. Akaniambia nimletee maji, nikaenda.